Maabara ya kompyuta chuoni: maswali ninayoulizwa kila muhula, na majibu yangu kutoka Dodoma

Muhula ukifunguliwa tu, simu yangu haitulii. Mkuu wa idara anataka kujua anunue kompyuta ngapi. Fundi aliyeajiriwa juzi anauliza mbona mashine zinajizima saa nane mchana. CR (kiongozi wa darasa) wa mwaka wa pili ananiandikia saa tano usiku: "Shikamoo fundi, lab kesho inafunguliwa?" Dodoma ni mji wa vyuo siku hizi: kuna UDOM iliyoanza mwaka 2007, St John's, Chuo cha Mipango, CBE, na vingine vidogo vidogo. Nimefunga na kutunza maabara za kompyuta katika mji huu kwa muda wa kutosha kuona kwamba maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Chuo nilikoyaona makosa sitakitaja, na mengine nimeyafanya mwenyewe.

Tumepata fedha za maabara. Tununue kompyuta aina gani?

Kompyuta ziwe za mwisho. Kwanza chumba, kisha umeme, kisha mtandao na meza. Najua hili halipendwi, maana anayetoa fedha anataka picha ya maboksi yakishushwa kwenye lori. Lakini nimeona kompyuta 50 zikikaa stoo miezi saba kwa sababu chumba kilikuwa na soketi nne tu, mbili kila ukuta. Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja. Zilipofungwa hatimaye, sita hazikuwaka, na muuzaji alituonyesha tarehe ya risiti.

Chumba nikichagua mimi, natafuta chenye madirisha yanayotazama kaskazini na kusini. Jua la Dodoma linapiga mashariki asubuhi na magharibi jioni. Dirisha la magharibi litakupa kioo cha monita kisichosomeka na chumba kinachochemka. Kisiwe chini ya choo cha ghorofa ya juu wala chini ya tangi. Kisiwe moja kwa moja chini ya bati bila dari nzuri. Cha chini kabisa, kinachopakana na uwanja wa udongo, nacho nakikwepa kwa sababu ya vumbi. Ghorofa ya kwanza ya jengo la ghorofa mbili au tatu ndiyo raha yangu, ila pawepo njia ya mwanafunzi wa kiti cha magurudumu. Kama hakuna lifti wala mteremko, basi tutashuka chini na tutapambana na vumbi.

Kwa ukubwa, huwa napigia mita mbili za mraba kwa kila kiti, njia zikiwemo. Viti 40 vinahitaji kama mita 80 za mraba. Ukibana zaidi ya hapo, mwalimu hawezi kumfikia mwanafunzi wa katikati bila kuwasimamisha wengine watano.

Tuna wanafunzi wengi kuliko uwezo. Kompyuta ngapi zinatosha?

Hesabu saa, usihesabu vichwa. Maabara ya kompyuta 40 ikifunguliwa saa 10 kwa siku, siku tano, inakupa saa 2,000 za kukaa kwenye kompyuta kwa wiki. Toa sehemu ya kumi kwa mashine mbovu na siku za umeme kukatika, zibaki 1,800. Kama kozi inamtaka kila mwanafunzi akae saa tatu kwa wiki, maabara hiyo inabeba wanafunzi 600. Ukiifungua hadi saa nne usiku na Jumamosi, umepata zaidi ya nusu ya maabara nyingine bila kununua hata kibodi. Gharama yake ni mlinzi, taa na mtu wa zamu. Nimewahi kuona chuo kinaomba fedha za maabara ya pili wakati ya kwanza inafungwa saa tisa na nusu kwa sababu mwenye ufunguo anawahi daladala.

Soketi zipo. Kwa nini tena mnataka kuchimba ukuta?

Kwa sababu soketi mbili na ekstensheni sita zilizounganishwa moja kwenye nyingine si umeme wa maabara. Tufanye hesabu. Kompyuta ya mezani ya kawaida pamoja na monita yake inakula kama wati 100 ikiwa kazini. Mashine 40 ni wati 4,000, na kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni zaidi ya ampea 17. Ukizibebesha zote waya mmoja wa soketi unaoishia kwenye plagi ya ampea 13, plagi itayeyuka. Harufu yake utaijua kabla hujaona moshi.

Ninavyofunga mimi, kila mashine 10 zina laini yake na breka yake kwenye boksi la maabara. Laini ikiruka, wanafunzi 10 wanasogea, 30 wanaendelea. Kiyoyozi kina laini yake peke yake. Seva na swichi za mtandao zina yake. Boksi liwe ndani ya maabara, lifungwe kwa ufunguo, na kila breka iandikwe inaendesha nini. Usiandike kwa penseli.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Umeme ukirudi baada ya kukatika, mashine 40 zinataka kuwaka kwa pamoja, na sekunde hizo za mwanzo zinavuta zaidi ya kawaida. Ingia kwenye mipangilio ya mwanzo ya kila kompyuta, ile unayoifungua kabla Windows haijaanza, uiamuru ibaki imezimwa umeme unaporudi. Mwanafunzi atabonyeza mwenyewe. Umeme unaporudi huwa unayumba dakika kadhaa kabla haujatulia, na hapo ndipo pawasapulai nyingi, vile visanduku vya umeme ndani ya kompyuta, hufa.

Waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) upo, fundi ameufunga. Mbona tunapigwa shoti tukigusa kava?

Ethi ya Dodoma ni somo lake. Fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini mwezi Februari, udongo ukiwa na maji, inapima vizuri. Ipime tena Septemba uone. Mvua zetu huanza Desemba na kuishia Aprili, baada ya hapo ardhi inakauka kabisa, na udongo mkavu haupitishi umeme inavyotakiwa. Kwa hiyo ethi yako inafanya kazi nusu ya mwaka. Wazee wa fani walikuwa wanazungushia fimbo mkaa na chumvi kisha wanamwagia maji, na bado inasaidia, ingawa chumvi inakula chuma. Zamisha fimbo ndefu zaidi au ziunganishe mbili tatu zenye nafasi kati yake, acha kisima kidogo chenye mfuniko, na mwambie mtunza bustani akimwagie ndoo ya maji kila wiki wakati wa kiangazi. Halafu upime mwezi Septemba au Oktoba. Fundi anayekuletea karatasi ya vipimo vya mwezi wa pili usimlipe yote.

Si kila mshtuko ni shoti. Kiangazi hewa ni kavu mno, mtu akivua sweta anasikia cheche. Umeme huo wa mwilini haukuui wewe lakini unaua RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta. Kabla hujagusa kitu ndani ya mashine, shika chuma cha kava kwanza.

Kila kompyuta iwe na UPS yake (betri ya kushikilia umeme ukikatika)?

Zamani nilikuwa nasema ndiyo. Siku hizi nasema hapana, na sababu ni betri. UPS ndogo ina betri ya risasi ya volti 12. Betri hizo zinatengenezwa zikitegemea joto la nyuzi 25, na kwa kila nyuzi 10 zinazozidi hapo umri wake unapungua karibu nusu. Weka UPS 40 chini ya meza kwenye chumba chenye joto, baada ya miaka miwili una masanduku 40 yanayopiga kelele pii-pii na hayashiki hata dakika moja. Kubadilisha betri 40 kwa mkupuo ni bajeti ambayo hakuna mtu aliipanga.

Weka UPS nzuri kwenye seva, swichi na kompyuta ya mwalimu. Zile nyingine zikingwe na kifaa cha kulinda umeme kwenye boksi, ndugu yake yule anayefungiwa friji nyumbani, kinachosubiri umeme utulie ndipo kiruhusu. Kwa mitihani ya kompyuta hali ni tofauti: hapo kukatika dakika moja ni mgogoro wa seneti. Kama maabara yenu ni ya mitihani, nunueni kompyuta ndogo zinazokula wati 20 au 25. Pamoja na monita, mashine 40 hazizidi wati 2,000, na inverta moja yenye betri nzuri inazibeba. Paneli za sola juu ya paa zinaingia hapo bila shida. Jua tunalo.

Kiyoyozi ni lazima, au ni anasa?

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai unalala na blanketi mbili. Kwa hiyo watu wa fedha husema fungueni madirisha. Tatizo ni Oktoba na Novemba, na tatizo jingine ni kwamba dirisha likifunguliwa linaingiza vumbi. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unatoka ukiwa joto: mashine 40 ni wati 4,000. Binadamu aliyekaa naye anatoa karibu wati 100, wanafunzi 40 ni wati 4,000 nyingine. Wati 8,000 ni kama BTU 27,000 kwa saa, kipimo kinachoandikwa kwenye viyoyozi, bado jua na paa. Viyoyozi viwili vya BTU 18,000 vinatosha. Kimoja kikubwa usinunue, kwa sababu siku kitakapoharibika utakuwa huna kitu. Na chujio lake lioshwe kila mwezi kiangazi. Dakika kumi, maji ya bomba, basi.

Hilo vumbi mnalolisema kila siku ni tatizo kubwa hivyo?

Ndilo tatizo. Mengine yote ni ya kawaida kama ya chuo chochote duniani.

Kuanzia Juni upepo unaanza, na hadi Oktoba kuna siku ukisimama Ng'hong'hona unaona wingu jekundu likipita kati yako na mlima. Vumbi hilo ni laini kama unga wa mtama. Linapita kwenye vioo vya luva hata vikifungwa, linapita chini ya mlango. Mwaka mmoja nilifungua kompyuta iliyokuwa inajizima kila mchana. Feni ya prosesa ilikuwa inazunguka, lakini kati ya feni na vile vibati vya kupoozea kulikuwa na blanketi jekundu, nene kama kidole, limeshikana kiasi kwamba nililitoa zima zima kwa mkono, umbo la mraba. Niliitunza ile kitu mezani kwangu. Mkaguzi akija kuuliza fedha za matengenezo zinakwenda wapi, namwonyesha.

Tulichofanya ni hiki. Luva tuliziondoa tukaweka vioo vya kusukuma vyenye mpira pembeni. Pale ambapo fedha haikutosha, tuliziba kwa silikoni madirisha ya upande wa upepo. Mlango una brashi chini. Zulia hatutaki. Kompyuta hazikai sakafuni. Zinakaa juu ya meza au kwenye kishikio sentimita 30 kutoka chini. Kila likizo ndefu, mashine zote zinatolewa nje kivulini na kupulizwa kwa blowa. Shika feni kwa kidole au kijiti isizunguke wakati unapuliza, ikizungushwa kwa kasi ile bearingi inakwisha. Usipulizie ndani ya chumba, utakuwa umelihamisha vumbi kutoka mashine moja kwenda nyingine.

Na fagio. Nilimkuta mama wa usafi asubuhi moja anafagia maabara kwa chelewa, kavu, vumbi limepanda hadi kwenye taa. Nikaja juu kidogo. Akaniangalia, akasema: "Baba, mimi nimepewa fagio. Ungenipa dekio na ndoo mbili ningepiga deki." Nilikuwa nimeandika mwongozo wa kurasa 14 wa utunzaji wa maabara na humo ndani hamkuwa na ndoo. Tulinunua siku ile ile pale soko la Majengo. Tangu hapo ni kupiga deki kwa dekio lililokamuliwa, kila siku kabla ya saa moja na nusu.

Tununue sifa gani sasa?

Kwa kazi za kawaida za chuo: RAM GB 16, diski ya SSD (isiyozunguka) ya GB 256 au 512, prosesa ya miaka ya karibuni ambayo si ya daraja la chini kabisa. Kama ni lazima ukate kitu, kata prosesa, usikate SSD. Diski ya kuzunguka leo hii ni kumwonea mwanafunzi. Laptopu kwenye maabara mimi sizipendi: kibodi ikiharibika umepoteza mashine, na inaingia kwenye begi. Kwa vyuo vya umma manunuzi yanapita NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi mtandaoni. Andika sifa za kazi, usiandike chapa, na usiache kuandika neno "mpya" na muda wa waranti. Mstari mmoja ukiusahau, mzabuni atausahau pia.

Spea ndogo ndogo tunaagiza Kariakoo. Zamani ilikuwa ni kumpa kondakta wa basi na kuomba Mungu. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, fundi anakwenda asubuhi, anachagua mwenyewe, jioni yuko kwenye treni ya kurudi.

Tumepewa msaada wa kompyuta zilizotumika kutoka nje. Tupokee?

Omba orodha kwanza: modeli, mwaka, RAM, aina ya diski. Kama hawana orodha, shukuru kwa upole. Ukipokea mashine za zamani zilizotoka Marekani, geuza kila moja utazame nyuma ya pawasapulai. Zile za kizamani zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka hapa kwetu, unapata mlio mmoja na moshi. Nilipoteza tatu namna hiyo kabla sijajifunza kusoma. Plagi zao pia ni bapa, usiwaachie wanafunzi kuzichokonoa kwenye soketi zetu za pini tatu kwa kalamu.

Windows au Linux?

Inategemea mwalimu anafundisha nini, na walimu waulizwe kabla ya fundi kuamua. Ila ujue kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya kale. Kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane hivi. Mashine nyingi nzima kabisa zimefungiwa nje ya mlango huo. Kuzitupa ni dhambi. Ukiweka Ubuntu 24.04, aina ya Linux iliyotoka Aprili 2024, unapata marekebisho ya usalama ya miaka mitano bila kulipa. Wanafunzi wa mipango na mazingira wanatumia QGIS kwa ramani, wa takwimu wanatumia R, wa programu ndio hasa kwao. LibreOffice inatosha kwa ripoti ya mafunzo kwa vitendo.

Wahasibu na watu wa SPSS, programu ya takwimu, watalalamika. Wawekee Windows yenye leseni kwenye safu mbili za mbele. Programu zilizovunjwa leseni sitaki kuzisikia, na si kwa ajili ya sheria tu: nusu ya virusi nilivyosafisha maishani viliingia na kile kifaili cha "kuaktiveti".

Tulifunga mtandao vizuri, lakini siku ya mtihani kompyuta zilikataa kuingia. Tatizo nini?

Yamenikuta. Saa mbili kamili asubuhi, mtihani wa kompyuta, wanafunzi 38 wamekaa. Kompyuta 21 ziliingia, 17 zinaonyesha alama ya mshangao wa njano. Tukabadilisha kebo, tukazima swichi, tukaiwasha, mwalimu ananitazama kama nimemla mwanawe. Kumbe mtandao wa ghorofa nzima ulikuwa na anwani 254 tu (namba ambazo kila kifaa hupewa ili kiingie mtandaoni), za maabara na za waifai kwa pamoja, na wanafunzi wa zamu ya pili walikuwa wamekaa nje kwenye korido wakisubiri, kila mmoja na simu yake, wengine mbili. Simu zimechukua anwani zote. Kompyuta zilizochelewa kuwashwa hazikukuta kitu.

Tenganisha. Maabara iwe na mtandao wake ndani ya swichi, waifai iwe na wake, na ofisi wake. Swichi za kusimamiwa zinafanya hivyo. Kompyuta za maabara zipewe anwani za kudumu. Tumia kebo kwa kila mashine, waifai ni ya simu. Kebo ya shaba isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta, na kila ncha mbili zipewe namba inayofanana. Ukija kutafuta kebo namba 27 ikiwa katikati ya nyingine 47 zisizo na jina, utanikumbuka.

Intaneti tunalipia, mbona kila mwezi inakufa Jumanne au Jumatano moja?

Microsoft hutoa marekebisho Jumanne ya pili ya mwezi, kwa saa za Marekani. Kwetu yanafika Jumanne usiku au Jumatano. Chukulia kila mashine inapakua GB 4. Mashine 40 ni GB 160. Kwa laini ya Mbps 20 hiyo ni karibu saa 18 bila mtu mwingine kugusa intaneti. Washa kile kipengele cha Windows kinachoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kupeana marekebisho, ili mzigo upakuliwe mara moja kisha zigawane zenyewe kwa zenyewe. Panga pia yafanyike usiku. Upande wa Ubuntu, seva ndogo ya kuhifadhi vifurushi inafanya kazi hiyo hiyo. Na kama chuo chenu ni mwanachama wa TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, zungumzeni nao kuhusu kasi kabla ya kukimbilia kampuni nyingine.

Kuna njia ya kupiga Windows mashine 40 bila kukesha wiki nzima?

Ipo, na ni ya bure. Andaa kompyuta moja hadi uridhike: programu zote, printa, lugha, kila kitu. Kisha chukua nakala yake kwa Clonezilla au FOG na uimwage kwenye zote kwa pamoja kupitia mtandao. Kwenye swichi ya gigabiti kazi inaisha ukiwa unakunywa chai na chapati. Kwenye swichi ya zamani ya Mbps 100, kunywa chai, kula mchana, na urudi. Nakala hiyo ihifadhiwe sehemu mbili, moja nje ya maabara. Mimi nafanya hivi kila mwanzo wa muhula, hata kama mashine hazina tatizo.

Flashi yangu imejaa shotikati, mafaili hayaonekani. Nimepoteza kazi yangu?

Hapana. Kirusi kile kinayaficha mafaili na kuweka shotikati badala yake. Usibofye shotikati yoyote. Leta flashi, tunaifungua kwenye mashine ya Linux, mafaili utayaona yote. Ripoti ya utafiti usiitunze sehemu moja. Jitumie kwenye barua pepe yako kila jioni.

Kompyuta inasema tovuti si salama, kila tovuti, hata ya chuo. Tumedukuliwa?

Angalia saa pale chini kulia. Ikiwa inakuambia ni Januari ya miaka mingi iliyopita, betri ndogo ya duara kwenye ubao imekwisha. Inaitwa CR2032, inauzwa hata kwenye maduka ya saa. Tarehe ikiwa mbaya, kivinjari kinaona vyeti vya tovuti vyote ni batili. Zinaisha mapema kwenye maabara zinazozimwa ukutani kila jioni. Badilisha zote kwa mpigo kila miaka mitatu au minne.

Inawaka lakini haionyeshi kitu, inapiga milio tu.

Chomoa umeme. Toa RAM, futa meno yake ya shaba taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, rudisha hadi isikike "tak" pande zote mbili. Mara nyingi inapona. Ni vumbi lile lile.

RAM zinapungua. Tulinunua GB 16, sasa nyingine zina 8.

Zinatembea, ndiyo. Nazo hazitembei zenyewe. Kava zifungwe kwa kufuli ndogo, ziwekwe stika ya kuchanika kwenye ungio, na orodha ya namba za kila RAM na SSD iwepo kabla ya siku ya kwanza ya kufungua. Programu ndogo inaweza kukupa taarifa kila asubuhi mashine ipi imebadilika. Nondo za dirishani sawa, lakini katika matukio niliyoyaona, hakuna aliyeingia kwa dirisha. Wote walikuwa na ufunguo.

Wanafunzi wasioona watatumiaje maabara?

NVDA inasoma kioo kwa sauti, ni ya bure, na sauti yake ya eSpeak inasoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya roboti. Iwekwe kwenye nakala kuu ili iwe kwenye mashine zote za Windows, mwanafunzi asipangiwe kona. Vipokea sauti viwepo kwa mtu wa zamu. Meza mbili ziwe na nafasi ya magoti ya kiti cha magurudumu, karibu na mlango.

Nilisahau kutoka kwenye akaunti ya mkopo. Mtu anaweza kuiona?

Anaweza. Badilisha nywila sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa. Kwa upande wa chuo, mashine ziwekwe zifute kila kitu cha mtumiaji anapotoka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na matokeo ya mwanafunzi kuachwa wazi kwenye kompyuta ya umma ni jambo ambalo chuo kitaulizwa.

Tuweke mtungi gani wa moto?

Wa CO2. Ule wa unga unazima moto lakini unaua kompyuta ambazo hazikuwa zinaungua.

Tutenge kiasi gani cha matengenezo?

Mimi hupigia asilimia 10 hadi 15 ya bei ya vifaa kwa mwaka. Kama fedha ni za kompyuta 50, nunua 42 na ubaki na ya spea, betri na blowa. Mwaka wa tatu chuo chenye 42 kitakuwa na 41 zinazowaka. Kile cha 50 nimekitembelea, niliwakuta 23.

Halafu pawe na mtu mmoja mwenye jina. Si kamati. Fundi mmoja anaweza kutunza maabara mbili akisaidiwa na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na kauntabuku moja mlangoni: tarehe, namba ya mashine, tatizo, nani karekebisha. Nimejaribu mifumo ya kisasa ya tiketi. Kauntabuku ndiyo inayojazwa, kwa sababu umeme ukikatika nayo inafanya kazi.

Mashine zilizokufa tuzipeleke wapi?

Usizitupe dampo na usimpe muuza chuma chakavu kimya kimya. Kwenye chuo cha umma ni mali ya Serikali hata ikiwa haiwaki, ina namba, na inaondolewa kwa utaratibu wa kufuta mali. Toa diski, zifute kabisa au zitobolewe kwa drili. Pawasapulai na monita zinazopona ziandikwe kuwa spea. Betri za UPS zina risasi na asidi, zikae peke yake juu ya mbao, si juu ya saruji wazi, hadi apatikane mchakataji anayetambuliwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Andika orodha nakala tatu: ya kwako, ya afisa ugavi, ya mkaguzi wa ndani. Na piga picha ya stoo siku unayokabidhi, namba za mashine zionekane.